Shida Haikumkomaza Shosho Wangu

Mwaka jana nilipeleka kurasa 40 za riwaya yangu kwenye warsha ya waandishi hapa Thika. Inahusu msichana wa miaka sita ambaye hakuna anayemwangalia, katika kijiji cha wakati wa Hali ya Hatari, ng'ambo ya mto Chania. Mhariri aliyekuwa akituongoza alizisoma zote, hilo nampa. Kisha akaniambia mbele ya wenzangu: "Unaandika poa. Lakini huyu msichana wako haendi mahali. Vita imempiga, sawa, tumeona. Sasa nguvu aliyopata iko wapi? Msomaji anataka kuona vile shida imemkomaza."

Wenzangu wakaafiki. Mimi pia nikaafiki. Nilirudi kwangu Makongeni, nikakaa na zile kurasa wiki tatu, nikamkomaza msichana. Kwenye toleo jipya anaiba ufunguo wa lango la kijiji. Usiku anavusha viazi vitamu hadi msituni. Anamjibu homugadi mpaka homugadi anaangalia chini. Sura ya mwisho amevaa sare ya shule na jua linachomoza. Nilijisikia mwandishi kweli kweli.

Jumamosi moja nikapanda matatu, tukavuka Chania, nikaenda Gatanga kumsomea shosho. Msichana wa riwaya ni yeye. Nimekuwa nikimhoji kidogo kidogo kwa miaka mitatu, simu yangu imejaa sauti yake. Siku hiyo alikuwa anaambua maharagwe. Alinisikiliza hadi mwisho nikimtafsiria kwa Kikuyu, sentensi baada ya sentensi. Nilipomaliza akauliza, "Huyu mtoto ni wa kina nani?"

"Ni wewe, shosho."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwa. "Mimi niliiba ufunguo? Mimi nilikuwa nabeba mtoto tu. Asubuhi mpaka jioni nabeba mtoto." Kisha akaacha kucheka. "Na yule mtoto umempeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Mtoto nilikuwa nimemtoa. Alikuwa anachelewesha hadithi.

Naandika makala hii kwa sababu ya swali hilo, na nina ugomvi na sentensi moja: shida ilitukomaza. Unaijua. Iko kwenye kila wasifu wa marehemu unaosomwa mazishini. Iko kwenye hotuba za wanasiasa wanaotuambia walitembea pekupeku kwenda shule, hivyo sisi tuache kulialia kuhusu kodi na ajira. Iko nyuma ya majalada ya riwaya: mtoto aliyepuuzwa, vita, mateso, halafu chuma. Tunaipenda sana hadithi hiyo. Na mimi nasema kwamba kwa habari ya watoto waliokulia vitani hapa kwetu, ni uongo, na ni uongo unaomfaidi mtu.

Tuanze na kilichotokea, juu wengi wetu tulikisoma shuleni kama aya mbili kisha tukaenda mapumziko. Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari. Kuanzia katikati ya 1954 serikali ya kikoloni ikaanza kuwang'oa Wakikuyu kutoka mashamba yao yaliyotawanyika migongoni mwa vilima na kuwasukuma katika vijiji vyenye ulinzi. Kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishiwa vijiji zaidi ya 800. Nyumba za zamani zilichomwa. Kijiji kilizungukwa na handaki lenye vijiti vilivyochongwa ncha, kikawa na lango, mnara wa mlinzi na kituo cha homugadi, ngati kama Wakikuyu walivyowaita. Kulikuwa na kafyu. Kulikuwa na kazi ya lazima: kuchimba mahandaki, kufyeka vichaka, kutengeneza barabara. Moja ya shabaha zake ilikuwa kukata chakula kisiwafikie wapiganaji msituni. Sasa ukikata chakula cha mwanamume aliye msituni kwa kumfungia mkewe ndani ya ua, anayelala njaa kwanza ni nani? Ni mtoto aliye ndani ya ua.

Wanaume wengi walikuwa kizuizini, wengine msituni, wengine wamekufa, wengine ndio hao homugadi. Kwa hiyo kijiji kilikuwa cha wanawake, wazee na watoto. Filimbi ililia asubuhi, mama wakaenda kazini, na watoto wadogo wakaachiwa watoto wakubwa. Mtoto mkubwa katika nyumba ya shosho alikuwa yeye mwenyewe, miaka sita. Kaka yake alimpita kwa miaka mitatu, lakini kaka ni mvulana na alikuwa na nafasi shuleni, shule ya misheni, kwa sababu shule huru za Wakikuyu serikali ilikuwa imezifunga. Nafasi ilikuwa moja. Hakuna aliyekaa chini kujadili ni nani ataipata.

Hapo ndipo mtu aliposahaulika. Sio kwa ubaya. Hakukuwa na mkono wa ziada wa kumshika.

Sasa fikiria ni mtoto gani dunia inamjua ukitaja Thika. Ni Elspeth Huxley. Alizaliwa 1907, wazazi wake wakaja kulima kahawa karibu na Chania Bridge kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka wa 1959 akachapisha The Flame Trees of Thika, kumbukumbu za utoto wake. Mwaka wa 1981 televisheni ya Uingereza ikaifanya mfululizo, Hayley Mills akiwa mama mtu. Mpaka leo watalii wanakuja Blue Posts, hoteli iliyoko hapa tangu 1908, wanapiga picha maporomoko ya Chania, na kitabu walichosoma ni hicho.

Sina neno na uandishi wake. Anaona vizuri, ana masikio, anachekesha. Huyo mtoto naye anapuuzwa na wakubwa kwa namna yake, na mwisho wa kitabu vita vinakuja kuuvunja ulimwengu wake. Lakini tazama ni vita vya nani. Vita hivyo hivyo vilichukua wanaume wa vilima hivi kuwa wapagazi, na jina la kikosi chao limebaki Nairobi kama jina la soko: Kariokor. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi. Walikuwa na watoto. Watoto hao wamo kitabuni pembeni, wakichunga mbuzi, wakipita.

Halafu tazama mwaka wa kuchapishwa. Mwaka wa 1959 Hali ya Hatari ilikuwa bado haijaondolewa. Iliondolewa Januari 1960. Machi ya mwaka huo wa 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kambini Hola. Utoto wa Thika ulioingia maktaba za dunia ulichapishwa wakati shosho wangu, umbali wa matatu moja kutoka hapo, alikuwa na miaka 11 na hajui kusoma. Simlaumu Huxley kwa hilo. Namlaumu kila mtu ambaye tangu hapo hajauliza mtoto mwingine yuko wapi.

Mtu ataniambia, tulia, tunao waandishi wetu. Ndiyo tunao. Na hapa ndipo sentensi ninayogombana nayo inaanguka yenyewe, maana waliokuwa watoto wakati huo, walipoandika, hawakuandika yale mhariri wangu anayoyataka.

Chukua Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Ngũgĩ aliiandika akiwa mwanafunzi Makerere, ikatoka 1964. Ukiwauliza watu wanaoikumbuka nusu nusu, watakwambia ni hadithi ya mvulana maskini anayepania kusoma licha ya vita. Sawa, soma mwisho. Njoroge anatolewa shuleni Siriana, anapelekwa kituo cha homugadi, anateswa. Baba yake Ngotho anakufa. Mvulana aliyeamini kwamba elimu itaokoa nchi anaishia kuuza nguo kwenye duka la Mhindi, kisha hata hapo hapaki. Anachukua kamba. Anayemkuta ni mama yake, na anarudi naye nyumbani. Basi. Hakuna chuma hapo. Kuna mvulana anayejiita mwoga na mama anayembeba tena, kama alivyombeba akiwa mchanga.

Ngũgĩ alijua alichokuwa akiandika. Mwaka wa 1955 alirudi Limuru kutoka muhula wake wa kwanza Alliance akakuta kwao hakupo, nyumba zimebomolewa, familia imehamishiwa kijijini. Alikuwa na ndugu yake wa kambo, Gitogo, kiziwi, aliyepigwa risasi kwa sababu hakusikia amri ya kusimama. Nambie basi: kifo cha Gitogo kilimkomaza nani?

"Lakini Ngũgĩ mwenyewe alikomaa," utasema. "Akawa Ngũgĩ." Na Wangari Maathai, aliyekuwa na miaka 12 Hali ya Hatari ilipotangazwa, akapata Nobel mwaka wa 2004. Hiyo ndiyo hoja kubwa ya upande wa pili na siikimbii. Naomba tu tuangalie walikuwa wapi.

Ngũgĩ alikuwa Alliance, ndani ya uzio wa shule, 1955 hadi 1958. Maathai alikuwa bwenini kwa masista, St. Cecilia's, Mathari, Nyeri, kisha Loreto, Limuru. Huko kulikuwa na chakula kila siku, kitanda, vitabu, na mtu mzima aliyejua jina lako na kugundua usipofika darasani. Vita viliwafikia likizoni na kwenye barua. Viliwaumiza, bila shaka. Lakini kilichowapa nguvu ni mlango uliofunguliwa wakatolewa vitani, hata kama ni kwa miezi mitatu mitatu. Njoroge ni mvulana yule yule ambaye mlango wake umefungwa. Ngũgĩ aliiandika tofauti hiyo kwa sababu alijua ni nyembamba kiasi gani.

Kwa hiyo tunapomwangalia mtoto wa vita aliyefanikiwa na kusema "ona, shida ilimjenga", tunabadilisha sababu. Tunampa handaki sifa za bweni. Tunampa homugadi sifa za mwalimu. Na waliobaki ndani ya handaki bila bweni hatuwahesabu, kwa sababu hawakuandika vitabu. Wanatia sahihi kwa dole gumba.

Kuna kitabu kimoja ambacho kingetusaidia kutofanya kosa hilo, na ndicho kinachonikasirisha zaidi. Charity Waciuma alizaliwa 1936, akakulia Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, upande ule ule wa Chania ambako shosho yuko. Mwaka wa 1969 East African Publishing House ya Nairobi ikachapisha Daughter of Mumbi, riwaya yake ya tawasifu. Ni msichana anayekua katikati ya mambo yanayomvuta huku na huku: majina tunayorithi kutoka kwa jamaa, Ukristo wa nyumbani, mila za nje ya nyumba, kisha Hali ya Hatari inaingia katika yote hayo. Waciuma na Grace Ogot ni miongoni mwa wanawake Wakenya wa kwanza kuchapisha vitabu vya hadithi kwa Kiingereza. Yaani tunamzungumzia mwanzilishi.

Umewahi kumsikia? Kuwa mkweli. Mimi nina shahada ya fasihi na nilimsikia nikiwa na miaka 27, kwenye maelezo ya chini ya kitabu cha mtu mwingine. Nilitafuta Daughter of Mumbi kwenye maduka manne ya vitabu, moja hapa Thika na matatu Nairobi. Kwenye moja kijana alinitolea kitabu cha majina ya watoto. Mwishowe niliisoma ndani ya maktaba, nakala yenye jalada la gundi lililobandikwa upya, na sikuruhusiwa kutoka nayo. Msichana wa vita wa kitabuni akasahaulika, kisha kitabu nacho kikasahaulika, na bado tunakaa kwenye warsha tukisema tunahitaji riwaya ya msichana wa vita.

Nina dhana yangu kwa nini. Kitabu cha Waciuma hakina bango. Hakiishii na ngumi hewani. Ni msichana anayetazama, anayesikiliza wakubwa, anayejaribu kuelewa kwa nini watu aliowajua wamegeuka. Sisi tunataka jemadari. Tukikosa jemadari tunataka mtoto atakayekuwa jemadari. Msichana anayetazama tu hatujui tumfanyie nini.

Nilisema uongo huu unamfaidi mtu. Nani?

Mwaka wa 2013 serikali ya Uingereza, kupitia William Hague, ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari, jumla ya pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Ilisema inasikitika. Baadaye watu wengine zaidi ya 40,000 wakaenda mahakamani London, na kati ya madai yao kulikuwa na kuhamishwa kwa nguvu na kazi ya kulazimishwa, yaani maisha yenyewe ya kijijini. Mwaka wa 2018 kesi yao ikatupwa. Jaji aliona muda mrefu mno umepita. Mtoto wa miaka sita wa 1954 alikuwa na miaka 70 siku hiyo. Alikuwa amechelewa, ati.

Sasa weka kando ya hiyo hukumu ile hadithi tuipendayo. Kama vita vilimkomaza mtoto, deni liko wapi? Mtu aliyenipa nguvu ananidai mimi. Ndio maana hadithi ya ukomavu ni tamu kwa mwenye kosa: inamgeuza kuwa mkufunzi. Na isidhaniwe ni Mwingereza peke yake. Serikali yetu iliwaacha Mau Mau wakiwa chama kilichopigwa marufuku mpaka 2003, miaka 40 baada ya Uhuru. Wana wa baadhi ya homugadi walirithi mashamba na viti. Kila Oktoba 20 tunakusanyika uwanjani kusifu ushupavu wa mashujaa, na ushupavu hauhitaji fidia. Unahitaji makofi tu na chupa ya maji.

Na sisi vijana tusijione hatumo. Juni 2024 tulikuwa barabarani, wengine wenu mnaosoma hii mlikuwa Thika Road. Mnakumbuka Githurai. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu ilihesabu vifo zaidi ya 50 katika maandamano yale. Haikupita wiki mbili tukaanza kujiandikia: kizazi kisichoogopa, kizazi kilichopikwa na moto. Niliandika hivyo pia, nimefuta. Kwa sababu nilimwona jirani yangu wa ghorofa ya chini, kijana wa chuo, ambaye tangu siku hiyo hawezi kukaa karibu na dirisha. Hakupikwa na chochote. Anaogopa. Kama baada ya miaka 30 mtu ataandika riwaya ambamo huyo jamaa alitoka pale akiwa simba, atakuwa amemwibia kitu cha pekee alichobaki nacho, ambacho ni ukweli wa kilichompata.

Najua kuna wasomaji watasema nawanyang'anya wazee heshima. Wanasema, shosho wako ana nguvu, alilea watoto saba, alilima, bado anaamka saa kumi na moja. Ni kweli. Lakini nimekaa naye vya kutosha kujua kile ambacho watu wanakiita nguvu. Hali chakula mpaka ahakikishe kila mtu amepata, halafu anasema ameshiba. Chumvi anaificha sehemu tatu tofauti. Nyumba yake iko karibu na shule ya msingi, na mwalimu wa michezo akipuliza filimbi, shosho anasimama. Kama ameketi anainuka, kama anatembea anatua, mpaka filimbi iishe. Hajui kama anafanya hivyo. Nilipomuuliza alinikatalia. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia ananipa simu: "Nisomee, ni nani huyu?" Kaka yake aliyepata ile nafasi moja ya shule alistaafu akiwa karani, na hakuna siku aliyomdharau dada yake. Lakini barua zote za shamba la familia zilipitia kwake, na shosho aliambiwa tu mambo yakishaisha.

Sio kwamba hana nguvu. Ni kwamba nguvu aliyonayo aliipata kwa mama yake, kwa mwanamke wa nyumba ya pili aliyewagawia uji, kwa wimbo waliokuwa wakiimba wakichota maji Chania lango likifunguliwa. Watu walimpa. Vita vilichukua. Tukivipa vita sifa hiyo, tunamnyang'anya yule mama wa uji.

Na vilichukua nini? Niliahidi kurudi kwa mtoto.

Alikuwa mdogo wake, mvulana, hajatimiza mwaka. Shosho alimbeba mgongoni tangu filimbi ya asubuhi mpaka mama aliporudi kutoka handakini. Maziwa ya mama yalikuwa yamekauka. Wakati wa mvua za 1955 mtoto alianza kuharisha. Siku moja alilia sana asubuhi, kisha akanyamaza, na shosho akafurahi, maana mtoto akinyamaza na wewe unaweza kucheza. Akacheza kete za mawe na wenzake akiwa na mtoto mgongoni. Mama alipomfungua jioni, mtoto alikuwa amekufa zamani.

Hakuna aliyemlaumu. Hakuna aliyemwambia lolote. Asubuhi filimbi ililia, mama akaenda kazini. Shosho aliniambia alibaki na ile nguo ya kubebea na hakujua aifanyie nini, akaifunga mgongoni hivyo hivyo, tupu, akatembea nayo siku nzima kwa sababu alizoea uzito. Hilo alinieleza mara moja tu, mwaka wa pili wa mazungumzo yetu, na kwenye toleo lililosifiwa na mhariri wangu nililitoa ili kupata nafasi ya ufunguo.

Basi nayasema haya kwa wanaohusika.

Kwa wahariri na waendesha warsha: acheni kumuuliza mtoto wa vita amepata nini. Muulizeni nani alimbeba, na nani hakubebwa. Riwaya inaweza kusimama juu ya hilo. Njoroge amesimama tangu 1964.

Kwa wachapishaji wa Nairobi: rudisheni Daughter of Mumbi. Tafuteni mwenye haki, chapisheni, itafsirini kwa Kiswahili na kwa Kikuyu, iwekeni mbele ya wanafunzi wa Murang'a na Kiambu wanaosoma mita chache kutoka mahali mahandaki yalipokuwa. Vijiji vingi vya leo ni vile vile vya 1954, vimebadilishiwa mabati tu. Mtoto anaishi humo na hajui kwa nini nyumba zimepangwa mistari.

Kwa wenzangu mnaoandika: mna shosho, mna guka, au jirani. Wanakwenda. Aliyekuwa na miaka sita wakati ule sasa anakaribia 80. Nenda na simu yenye chaji, na usiende na mwisho wa hadithi mfukoni.

Mimi nimerudisha kurasa zangu mwanzo. Nimeondoa ufunguo, nimeondoa sare na jua. Mtoto amerudi mgongoni, ana kurasa 11 na bado naandika. Jumapili iliyopita nilienda kumsomea shosho sehemu hiyo. Hakucheka. Alinikatiza mara moja tu, kunirekebisha: nguo ya kubebea haikuwa nyekundu kama nilivyoandika. Ilikuwa gunia la kahawa, mama aliliosha mtoni mpaka likalainika.